Abiria wa Wache Waseme

Ijumaa moja ya Aprili, mwaka 1998, Hidaya alisimama kwenye korido ya nyumba ya shemeji yake, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe mjini Brussels, akiwa amevaa suti ya kupigia mbizi tangu vidole vya miguu hadi utosini. Shemeji yake, Abdul-Aziz, akamzunguka akiikagua. Aliuvuta ule mpira wa shingoni, akainama akatazama vifundo vya miguu, akasimama tena. Hakukuwa na ngozi iliyoonekana isipokuwa duara dogo la uso.

"Bon," alisema mwishowe. "Inafunika hata kushinda buibui. Enda. Lakini Jumapili magharibi isikukute njiani. Maman hawezi kulala bila kugeuzwa."

Maman alikuwa mama mzazi wa Abdul-Aziz na wa Amissi, mume wa Hidaya. Alikuwa amepooza upande mmoja, na Hidaya ndiye aliyemwogesha, akamlisha uji, akamgeuza kitandani, mpaka mgongo wake mwenyewe ukagoma. Daktari akashauri aogelee. Ndiyo sababu alionekana kila Jumamosi kwenye bwawa la kuogelea la Ganshoren, na huko ndiko alikokutana na Yolande, msusi mwenye asili ya Lubumbashi na mwanachama wa kikundi cha kupiga mbizi. Yolande alimtazama akikata maji kwa woga, akacheka.

"Ma chérie, weye unaogelea sawa bata. Kuya chini, tuone mambo."

Hidaya akaenda chini, akapapenda. Chini hakuna anayekuita. Kwa nusu saa ya Jumamosi hakuwa mkwe wala shemeji wa mtu.

Shida yake ilikuwa hii. Mwaka 1996 Amissi alipanda boti kule Rumonge, Burundi, akikimbia vita, avuke Ziwa Tanganyika hadi Kigoma na kutoka hapo amfuate mkewe aliyetangulia Brussels. Boti liliitwa Wache Waseme. Halikufika Kigoma na halikurudi Rumonge, na hapakuwa na mtu aliyeliona likizama. Kwa kuwa hakuna aliyeona, Hidaya hakuwa mjane. Eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani kisha akatoka mtu huru, haikuweza kuanza. Abdul-Aziz alisema, kwa upole kabisa, kwamba mke wa ndugu yake atakaa kwake mpaka ijulikane ndugu yake yuko wapi. Kadi ya ukaazi ya Hidaya nayo ilisimama juu ya ndoa ile na anwani ile. Alikuwa amechoka kuwa mke wa mtu asiyekuwepo, na aliona aibu kuchoka, na ile aibu ikamchosha zaidi.

Yolande alikuwa na chumba kitupu juu ya saluni yake, kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles. Alishampa Hidaya ufunguo. "Siku utamaliza mambo yako na ile eda, unaingia tu," alimwambia. Hidaya alikaa na ufunguo ule ndani ya soksi, kisha ndani ya pochi ya sabuni, na sasa aliufunga kwa uzi kwenye mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi ambao wapiga mbizi hujifunga kiunoni wasielee.

Wakaondoka Jumamosi asubuhi kwa gari mbili, watu tisa na mitungi yao ya hewa, kuelekea ziwa kubwa la kusini mwa nchi. Ziwa lile lilitengenezwa kwa kuziba mto, na wapenzi wa mbizi walizamisha humo tishari kuukuu la makaa ili wapate cha kwenda kutazama. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno. Kiongozi wao, Bertin, mtu wa Kalemie aliyekuwa fundi wa lifti, aliwapanga ukingoni kama watoto wa shule.

"Bamama, bapapa, musikilize. Kule chini, muntu anakimbia, anamaliza hewa. Muntu anaogopa, anafanya hivi." Akainua dole gumba. "Tunapanda wote. Hakuna héros hapa."

Walishuka wakifuata kamba. Mwanga ukageuka kijani, kisha rangi ya chai ya rangi. Tishari lilikuwa pale pale, limelala ubavu, na konokono wake. Nyuma yake, kwenye kibonde, palikuwa na boti jingine la mbao lenye injini moja, lililokaa wima juu ya matope, na ubavuni mwake, kwa rangi nyekundu iliyochorwa na mtu asiye na haraka, paliandikwa WACHE WASEME. Bertin aliliangaza kwa kurunzi upande huu na upande ule. Baadaye, ukingoni, aliwaambia tu kwamba boti lile halikuwako mwaka jana, "donc mwangalie hélice, ile panga ya injini, isikate muntu."

Abiria walikuwa wamejaa pomoni. Palikuwa na mwanamke mwenye sanduku mapajani, mzee aliyekumbatia redio, kijana mwenye kiti cha baiskeli, na watu wengine waliobanana mabega kama walivyobanana siku ya safari. Walikuwa wakingoja boti liondoke. Wapiga mbizi walipokaribia, baadhi yao waliinua mikono kusalimu, nao Bertin na Yolande wakaitikia kwa mikono. Samaki wadogo walipita katikati yao bila kujali.

Amissi alikuwa nyuma, karibu na injini, amekalia gunia la chumvi. Chumvi haikuwa imeyeyuka. Alimwona Hidaya kabla Hidaya hajamwona, akamtambua ndani ya mpira wote ule na miwani yote ile, na akacheka kwa namna yake ya kupandisha bega moja. Hidaya alilia. Kulia ndani ya miwani ya mbizi si jambo la busara, kwa kuwa machozi hayana pa kwenda, lakini alilia, na akamshika mume wake mkono, na mkono ulikuwa wa baridi kama kila kitu kingine mle.

Alijaribu kumvuta. Amissi hakuinuka. Hakushikiliwa na kitu. Alimwonyesha tu wale wenzake kwa kidevu, kama mtu anayesema kwamba akiondoka atapoteza nafasi. Hidaya akamwashiria juu kwa dole gumba mara moja, mbili, tatu, na kila mara Amissi alitikisa kichwa kwa huruma.

Ndipo Hidaya alipovua glavu ya mkono wa kushoto. Baridi ilimkata hadi kwenye mfupa. Akamwonyesha pete, akajionyesha mwenyewe, kisha akamwonyesha ule ufunguo uliofungwa kiunoni.

Amissi aliutazama ufunguo kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa kusoma wala kuandika, lakini hakuwahi kuwa mzito wa kuelewa. Alimpenda mkewe, hilo lilikuwa wazi, na labda ndiyo sababu hakumchelewesha. Akafungua mdomo akasema, taratibu, ili aone vizuri midomo yake: nimekuacha. Akasema tena. Hakuna povu lililotoka, kwa kuwa hakuwa na pumzi. Hakuna sauti iliyotoka pia. Akamrudishia glavu, akamvisha mwenyewe, kidole baada ya kidole.

Jumapili magharibi Hidaya alikuwa nyumbani. Alimweleza Abdul-Aziz mbele ya kitanda cha Maman, na Maman akauliza swali moja tu.

"Amekonda?"

"Hapana, Maman. Yuko vile vile."

"Alhamdulillahi," alisema Maman, akageuzia uso ukutani.

Abdul-Aziz alifuta macho kwa kiganja. Alimpenda ndugu yake kwa dhati, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Wakaenda pamoja kwa Shehe Nassoro, aliyewaswalisha watu wa Bujumbura kwenye ukumbi mmoja wa Berchem. Shehe aliwasikiliza huku akikoroga chai.

"Ulimsalimu?" alimuuliza Hidaya.

"Ndiyo, Shehe."

"Akajibu?"

"Alipandisha bega. Akacheka."

"Maiti hachekei watu. Basi eda haijaanza."

"Lakini ameniacha, Shehe. Alisema."

"Ulimsikia?"

"Niliona midomo."

Shehe Nassoro aliweka kijiko chini. Hakuwa mtu mbaya, na alionekana kutafuta kweli. "Ishara inakubalika kwa mtu bubu. Mumeo ni bubu?"

"Hapana," alisema Hidaya. "Alikuwa msemaji sana."

"Basi tumngoje aseme."

Hidaya akapiga moyo konde akaenda kwenye ofisi ya wilaya. Mama wa dirishani alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Akamwambia kwamba kama mume amefariki, wathibitishe watu wa mahali alipofariki, na kama yuko Ubelgiji mzima, aje mwenyewe dirishani aombe talaka, asubuhi, siku za kazi. Wale wa wilaya yenye ziwa wakasema boti si lao, ni la Burundi. Watu wa Burundi wakasema ziwa si lao. Kila alikokwenda alihudumiwa vizuri, na kila alikotoka alikuwa bado mke wa Amissi. Aliporudi kwa tramu kutoka danadana ile, alishika mdomo wake kwa mikono miwili asipige kelele mbele za watu.

Abdul-Aziz alikuwa amebadilika. Hakukagua suti tena. Alimnunulia Hidaya ya kwake, mpya, na mapezi ya mpira ya saizi yake, na alianza kumpeleka ziwani mwenyewe kila mwezi, kwa sababu mke mwema humtembelea mumewe, na sasa mume alijulikana alipo. Mwezi wa sita Hidaya alisema ana homa. Abdul-Aziz alimpashia maziwa. "Jikaze," alisema. "Amissi anakungoja." Jumamosi za Ganshoren zikawa za mazoezi, ili mgongo usimharibie safari. Yolande bado alimwita chini waone mambo, lakini chini nako sasa palikuwa na mtu anayemngoja, na Hidaya hakukupenda tena. Kile chumba cha juu ya saluni kilijaa makasha ya nywele bandia. Ufunguo Yolande hakuuomba.

Oktoba walifika ziwani mvua ikinyesha. Kikundi kilishazoea boti. Wengine walikuwa na abiria wao wa kuwasalimu, na Bertin alijifunza kuizunguka hélice bila hata kuitazama. Hidaya alishuka na sweta ya kijani ambayo Abdul-Aziz alimnunulia ndugu yake, akamvalisha, na mikono ilimtosha.

Hapo aliona jambo ambalo hakuliona mwanzoni. Watu wote botini walibanana, lakini kwenye gunia la chumvi, kulia kwa Amissi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeikalia. Mwanamke mwenye sanduku alikuwa amebana magoti yake ili asiiguse. Ilikuwa nafasi ya upana wa Hidaya, na Amissi alipoona anaitazama, aliona haya, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayeficha doa kwenye kiti cha mgeni.

Kisha akafungua mdomo, akasema yale aliyosema kila mwezi, taratibu, mara tatu. Hidaya aliweka sikio lililofunikwa kwa mpira kwenye midomo yake. Akasikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka kwenye mtungi. Akakaa pale, magoti juu ya matope, pembeni ya ile nafasi, mpaka Yolande akamgonga begani na kumwonyesha dole gumba.

Abdul-Aziz alikuwa ukingoni, na mwavuli na termosi. Alimmiminia chai kabla hajavua mapezi.

"Sweta ilimuenea?"

"Imemtosha."

"Anasemaje?"

"Anasema ameniacha."

"Kwa sauti?"

Hidaya alikunywa chai. Ilikuwa na tangawizi, na sukari kama alivyoipenda. "Hapana," alisema.

"Bon," alisema Abdul-Aziz, akamfunika taulo mabegani. "Mwezi ujao tutamletea kofia."

Walifika Berchem kabla ya magharibi. Hidaya akaitundika suti bafuni ichuruzike maji, akakausha ufunguo kwa upindo wa kanga, akaenda kumgeuza Maman.