Rangi ya Kamyo la Sylvère

Buyenzi nzima, mtaa ule wa Bujumbura, hakukuwa na mtu aliyemshinda Hamissi kwa kupiga rangi magari, na kama alikuwepo, basi Hamissi hakuwa na habari zake. Gari lililokunjika kama chapati alilinyoosha, akalipiga msasa, akalipulizia duko, ile rangi ya magari, na mwenyewe akija kulichukua alilipita bila kulitambua. Hata miaka ile nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara, rangi ilipowindwa kama swala, gereji yake haikuacha kunuka kazi.

Ndiyo maana Médiatrice alipomletea kamyo la plastiki, lori la mfano lisilozidi urefu wa kiganja na nusu, alicheka, akamwuliza kama mwenyewe anataka na taa za ukungu.

Médiatrice hakucheka. Mwenye kamyo alikuwa mumewe, Sylvère, aliyecheza na Hamissi mpira wa matambara vichochoroni tangu wote hawajaota meno ya pili. Mwaka uliotangulia, kamyo alilokuwa akiliendesha lilishambuliwa kwenye barabara ya Bugarama, likateketea. Sylvère alitoka na viganja vilivyoungua. Birindwa, utingo wake, hakutoka. Tangu hapo Sylvère alijifungia chumbani. Misiba ilipita, harusi zikapita, yeye na ukuta, ukuta na yeye.

Binti yao Joëlla, aliyekuwa akisoma Liège, Ubelgiji, alituma kwa msafiri boksi la kamyo la kuunganisha, mfano wa lile lile lililoungua, akisema mikono ya baba ikipata kazi huenda moyo nao ukafuata. Boksi likakaa chini ya kitanda. Mwishowe Médiatrice, kila akirudi kutoka kazini posta, aliliunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, ingawa magurudumu ya nyuma yalitoka pogo kidogo. Sasa alitaka lipakwe bluu ile ile ya zamani. Pengine mumewe akiliona limekamilika atatamani kulishika.

“Na kama hili nalo halitamtoa mule ndani, shemeji,” alisema, “mi sijui tena nimushike wapi.”

Hapo utani ukamwisha Hamissi. Kamyo kubwa alikuwa amelipaka yeye, na bluu yake aliichanganya kwa mkono wake. Akafukua kopo lililobaki na duko kidogo chini, akaizimua kwa ile dawa kali inayowatoa machozi wapiga rangi wote, akachagua brashi nyembamba. Kompresa hakuigusa, maana upepo wake ungelirusha kamyo hilo mpaka Kiriri kwa mabalozi. Makaratasi ya maelezo aliyopewa na Médiatrice aliyatandika mezani mafuta yasije yakachafua meza. Tangu lini fundi akafundishwa na karatasi?

Akaanza na mlango wa kulia. Rangi ikakaa vizuri, inang'aa kama macho ya bibi harusi. Akaenda kunywa chai kwa majivuno yake. Aliporudi, mlango ulikuwa umelegea na kuingia ndani, dirisha limejikunja kama jani la mgomba karibu na moto. Hamissi alifanya kile afanyacho bati likibonyea: aliusukuma kwa kidole utoke. Kidole kikazama.

Plastiki siyo bati. Duko, ambayo juu ya chuma ni nguo, juu ya plastiki ilikuwa mchwa.

Angeweza kumrudishia Médiatrice na kumsingizia paka, na paka wa Buyenzi wamesingiziwa makubwa kuliko hayo. Lakini aliona mwenye mali ni Sylvère, na aibu hupelekwa kwa mwenyewe. Akalifunga kamyo kwa kitambaa, akatembea barabara mbili, njia nzima akitafuta mzaha wa kuingilia nao. Hakuupata.

Alimkuta rafiki yake ameketi kitandani. Akalifunua kamyo, akaliweka mapajani mwake, akakiri kwamba ameliharibu, na kwamba ni ujuaji wake tu.

Sylvère alilichukua. Akaligeuza, akautazama mlango wa kulia, upande wa utingo, akautazama sana. Ndipo Hamissi alipoelewa alichomletea, na akatamani ardhi immeze yeye na gereji yake.

“Ulikuwa hivi,” alisema Sylvère. “Mulango wake. Ulijikunja hivi hivi, ukakataa kufunguka.”

Kisha akasema yale ambayo hakumwambia hata mkewe. Kwamba yeye aliruka upande wa dereva, akazunguka, akavuta, akavuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye kitasa. Kwamba Birindwa mwenyewe, kutoka ndani, ndiye aliyemwambia aache, aondoke. Na kwamba yeye aliondoka. Alilisema hilo la mwisho mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Hamissi alimshika mguu, wote wawili wakalia kama watoto walionyang'anywa mpira.

Baadaye Sylvère alijifuta pua kwa shati. Akanusa kamyo.

“We muzee, plastiki unaipaka duko? Makaratasi yamesema rangi ya maji. Akriliki.”

“Umeyasoma?”

“Boksi si lilikuwa chini ya kitanda changu?”

Hamissi aliapa mbele ya Mungu kwamba mtu aliyeyasoma makaratasi ndiye aende kuchagua rangi, yeye amekwisha kujiaibisha vya kutosha. Alilisema kwa mzaha, akitegemea kukataliwa. Sylvère akaanza kutafuta viatu.

Rohero, katikati ya mji, palikuwa na duka la vitabu na kalamu lililowauzia rangi wanafunzi wa uchoraji. Vikopo vilijaa vumbi. Muuzaji, mama mpole wa miwani, aliwaruhusu kuvifungua. Vingine vilikuwa vimeganda kama ugali wa juzi. Vile vya bei ya watoto wa shule walivijaribu tumboni mwa kamyo, vikaacha michirizi, plastiki ikachungulia. Mwisho Hamissi akapata bluu nzito, laini, karibu sawa kabisa na ile yake. Akaishangilia.

“Apana,” Sylvère alisema. “Ile iliungua. Nipe njano.”

Akaeleza, macho kwenye kikopo, kwamba Birindwa alikuwa akimwomba kila siku wamshauri tajiri mwenye gari alipake kamyo njano, watu wa kwao Uvira, ng'ambo ya ziwa, walione likiwa mbali. Naye alimcheka tu, eti njano ni ya vifaranga.

Hamissi alimwonya. Njano ni rangi dhaifu kuliko zote kwa brashi, haifichi kitu. Lazima nyeupe kwanza, kisha njano nyepesi, ikauke, tena nyingine, ikauke, wala usirudie palipoanza kushika. Ataipaka mpaka achoke.

“Kwani mi nina safari?” Sylvère akamwuliza.

Akachagua brashi bapa ya nywele laini, akaipitisha juu ya kovu la kiganja chake, polepole, mpaka aliporidhika. Mlango, alisema, usinyooshwe. Utapakwa kama mwenzake. Kisha akachukua kikopo cheupe na cha njano, akatoka navyo mpaka mlangoni mwa duka, palipokuwa na jua, aone rangi ilivyo nje.

“Utie maji kidogo tu,” Hamissi alimpigia kelele kutoka ndani.

“Nimesoma,” Sylvère akajibu, bila kugeuka.