Mtamba wa Ushuhuda

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Mzee Batholomeo hakuiba. Yeye mwenyewe alilisisitiza jambo hilo mara nyingi moyoni, na kwa kuwa humo moyoni hamkuwa na wa kumbishia, alishinda kila mara. Siku ile ya mvua kubwa ng'ombe wake walirudi kijijini Kemambo kutoka mtoni wakiwa kumi na mmoja. Asubuhi walitoka kumi. Huyo aliyezidi alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amenona, na aliingia zizini kwa miguu yake bila kusukumwa na mtu. Mpaka hapo Batholomeo hana kosa.

Kosa lilianzia kwenye sikio. Mtamba alikuwa na mpasuko mdogo kwenye sikio la kushoto, na kila mfugaji wa upande ule wa kilima aliujua: ni alama ya Awino, mjane, aliyepata ng'ombe huyo kwenye mahari ya binti yake Nora. Batholomeo alichukua kisu akaikata ncha yote ya sikio, mpasuko ukaenda nayo. Kipande akamtupia mbwa. Mbwa akakitafuna, akameza, na tangu siku hiyo akawa anamtazama mwenye nyumba kwa namna isiyo nzuri.

Juliana, mkewe, alipouliza yule mwekundu ametoka wapi, Batholomeo alitafuta jibu fupi.

"Bwana ametubariki," akasema.

Lilikuwa jibu baya sana kumpa Juliana. Juliana ni mwimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa na baraka ndani ya nyumba bila kuitangaza. Sabato ya pili baada ya mvua, jina la mumewe liliongoza orodha ya ushuhuda. Batholomeo akasimama mbele ya kanisa zima, jasho likimtiririka, akasema Bwana amempa mtamba kwa njia ambayo yeye mwenyewe hawezi kuieleza. Hilo lilikuwa kweli tupu. Kanisa likaitikia amina. Awino, kwenye benchi la tatu, alitokwa na machozi, na ibada ilipokwisha akamfuata nje akamwomba amwombee na yeye. Mtamba wake alipotea siku ya ile mvua, na aliyemchukua anamjua: ni kaka yake Otieno, anayeishi upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Si alilala kwake usiku wa kuamkia siku hiyo, akinung'unika kwamba mjomba mtu hakuonjeshwa chochote kwenye mahari ya Nora?

Nani angemshuku Batholomeo? Mwizi huficha. Huyu alitangaza kwa kipaza sauti.

Kwa usalama alimpeleka mtamba kwa mdogo wake Kisyeri, karibu na bwawa la Manchira kule Serengeti, akidai malisho ya huko ni mazuri. Ndipo baraka zikaanza kumwandama. Mtamba alizaa pacha, wote majike. Mahindi yalijaa ghala mpaka mengine yakalala chumbani kwa watoto. Kanisa lilimchagua kuwa mzee wa kanisa kwa kura zote, pamoja na ya Awino. Na Mchungaji Nikodemo, kila alipohitaji mfano wa mtu mwenye heri, hakuhangaika kwenda mbali. Alinyoosha kidole kwa Batholomeo, watu wakageuka kumtazama, naye akaanza kujikuna mahali pasipowasha.

Maana hakuweza kutulia. Akipewa kiti alikikalia kama amekalia siafu. Alikarabati ua wa zizi mpaka pakakosekana pa kuchomeka mwiba mwingine. Alichimba choo cha pili, kisha akaanza cha tatu, mpaka Juliana akamuuliza kwa upole kama kuna wageni wengi wanaotarajiwa. Kila wiki alipanda pikipiki hadi Manchira, akawatazama ndama, akakataa chai ya Kisyeri, akageuza. Usingizi ulimwona ukapita njia nyingine. Maombi hakuyaacha: aliombea mvua, wagonjwa, viongozi, watoto wenye mitihani. Jambo moja tu ndilo alilizunguka kwa mbali, kama mtu anayezunguka nyoka aliyelala njiani.

Mwaka ulikaribia kuisha namna hiyo. Ikafika Sabato ya meza ya Bwana, ambapo kabla ya mkate waumini huoshana miguu, wanawake kanisani, wanaume kwenye darasa la chekechea lililo nyuma. Viti vya darasa lile ni vya watoto. Mtu mzima akikaa, magoti hukutana na kidevu, na unyenyekevu humjia apende asipende. Batholomeo, kama mzee wa kanisa, alikuwa anagawa beseni na taulo. Wote walipokwisha kupata wenzao akabaki yeye na mgeni mmoja, mwanamume mrefu aliyesimama mlangoni ameshika kofia. Alikuwa Otieno.

Alikuwa amevuka mpaka alfajiri, akitumaini kwamba siku kama hiyo dada yake hataweza kumpa kisogo. Awino alikuwa ameweza. Basi Otieno akapiga magoti mbele ya Batholomeo, akauchukua mguu wa kulia akautia kwenye maji, akaanza kuuosha taratibu, na huku anaosha akasema.

"Mzee, nasikia huku wewe ndiye maombi yako yanafika. Niombee. Dada yangu ananiita mwizi. Mama yetu tulimzika mwezi wa pili, tukasimama kaburini kila mtu upande wake. Na hiyo ng'ombe mimi sijaiona hata na macho."

Mguu wa Batholomeo ulianza kutetemeka hata maji yakaruka nje ya beseni. Otieno akaushika vizuri, akidhani ni baridi. Batholomeo alitazama kichwa cha mtu yule kilichoinama, chenye mvi mbili tatu, akafungua mdomo ili aombe, kwa sababu kuomba alikuwa amezoea. Maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Ng'ombe ninaye mimi."

Otieno aliinua uso.

"Nilimkata sikio alama isionekane," Batholomeo akasema. "Yuko Manchira. Ana ndama wawili."

Otieno aliutazama ule mguu mkononi mwake kama mtu anayepima kati ya kuuosha na kuuvunja. Kisha akaukausha, kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika, akauchukua wa pili, akauosha na huo, akaukausha.

"Twende ukamwambie," akasema.

"Sasa hivi?"

"Viatu utavaa baadaye."

Batholomeo akaingia kanisani pekupeku, akasimama palepale alipotolea ushuhuda. Safari hii hakutumia kipaza sauti. Alisema yote kwa sentensi nne: mtamba, kisu, Manchira, Otieno hana hatia. Juliana mdomo ulimbaki wazi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao haukutoa sauti yoyote.

Awino alisimama kwenye benchi la tatu.

"Nilikuomba uniombee."

"Uliniomba."

"Ukaniombea?"

"Nilikuombea," Batholomeo akasema, na ilikuwa kweli. Aliomba Bwana amrudishie mjane mali yake, akamaliza kwa amina, akaondoka haraka.

"Una macho makavu wewe," Awino akasema.

Mchungaji Nikodemo alipotaka kujua kama mama yuko tayari kusamehe, maana mkate ulikuwa umeshawekwa mezani, Awino alimjibu bila kupandisha sauti. "Mchungaji, Mungu ana haraka ya kusamehe, amsamehe leo. Mimi nipeni mpaka Alhamisi." Kisha akavuka kanisa mpaka alipokuwa kaka yake, akauficha uso wake kifuani pa koti lake, na kilichosemwa hapo walikijua wao wawili.

Batholomeo akapiga magoti. Akaomba lile jambo moja, kwa jina lake, bila kulizunguka: niliiba, nikasema ni wewe uliyenipa. Alitegemea radi, au walau aibu ya kumzimisha. Aibu ilikuwepo. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kama pale mtu anapotuliwa mzigo wa kuni na shingo ikashindwa kuamini. Ilimchukua muda kutambua kwamba miguu yake imetulia. Mchungaji Nikodemo alipiga magoti kando yake, akamshika bega.

"Mwaka mzima nimekuita mwenye heri kwa sababu ya ng'ombe," akasema polepole. "Nilikosea. Heri uliyo nayo ni hii ya leo: Bwana amekufutia dhambi."

Heri hiyo, kwa nje, haikupendeza sana. Uzee wa kanisa alivuliwa, akapewa benchi la nyuma kwa miezi mitatu. Jumatatu yeye na Otieno walikwenda Manchira wakawapakia mtamba na ndama wake kwenye Canter, na habari ilifika mtaa wa Nyamisangura, njiani, kabla ya gari, kwa maana walipopita pale vijana wa bodaboda walikuwa wameshampa jina: Mzee Sikio. Otieno alicheka mpaka Kemambo. Batholomeo aliona hana cha kujitetea, na cha ajabu hakukitafuta.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Awino aliingia uani na jagi la maziwa.

"Alhamisi imefika," akasema. "Nimekusamehe. Sasa kaa chini nikuseme."

Batholomeo akanywa maziwa yakashuka vizuri, akakaa kwenye kiti, akatulia. Awino alianza na mtamba alivyokuja na mahari, akaenda kwenye sikio, kaburi la mama yake, yale machozi aliyolia kanisani bure. Alipogeuka kuona kama maneno yanaingia, msemwa alikuwa amelala, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo, anakoroma. Juliana kwa aibu alikimbia kumtikisa.

"Mwache," Awino akasema.

Mbwa akatoka nyuma ya ghala, akanusa miguu ya bwana wake, akailalia. Awino alisogeza kigoda chake kivulini, akaketi kumsubiri aamke, kwa kuwa alikuwa bado hajafika nusu.