Nyumba ya Kona Mjini Jiaohe

Kabla ya safari ya Riyadh, Anas aliwaketisha mama yake na shangazi yake sebuleni kwao, mtaa wa Al-Safa mjini Jeddah, akawapa sharti moja tu. Wale watu ambao kwao wanakwenda kuposa, alisema, wasitajiwe wali.

"Wali?" aliuliza shangazi yake, Bi Nusra, kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kuvuta pumzi.

Anas akaeleza. Hala, binti anayemtaka, asili ya ukoo wake ni Turkistani, ile iliyo upande wa China. Wazee wake walikuja kuhiji zamani, wakabaki. Na kila mtu katika nchi hii akiisikia asili hiyo, neno la kwanza kumtoka ni wali wa Bukhari, ule wa karoti na zabibu kavu, kana kwamba watu wale waliumbwa wapike kisha waondoke. Bibi yake Hala, Bibi Zumrat, alikwisha kuwarudisha wachumba wawili kwa kosa hilohilo. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Baba wa binti kazi yake ni kuitikia.

"Basi tumsifu kwa lipi?" aliuliza mama yake, Bi Mwatima.

"Kwa miji yao. Kwao kuna miji ya kale sana. Tajeni hiyo."

Mara simu yake ikalia kutoka bandarini, ambako alikuwa karani wa mizigo, naye akatoka mbio. Somo lake likaishia hapo. Yaliyobaki Mwatima alijifunza mwenyewe.

Mwatima hakuwa mtu wa kuogopa mji kwa sababu tu hajauona. Baba yake alitoka Unguja mwaka wa 1964, naye alizaliwa papa hapa Jeddah, wala hajapata kukanyaga Zanzibar. Hata hivyo angeweza kukupeleka kwa maneno kutoka Mkunazini hadi Shangani, akikuonyesha nani anakaa wapi na nani hasemi na nani. Wageni waliofika kutoka Unguja juzi walimsikiliza kwa adabu, wakaona haya kumwambia kwamba wengi wa hao wasiosemezana wamekwisha kufa. Katika jamaa zake huo ndio ulikuwa ustaarabu: mtu humheshimu mwenziwe kwa kuujua mji wake na kuwaulizia majirani zake. Na mwenye kuposa anapaswa kuzidisha, kwa kuwa hubisha mlango usio wake.

Basi akafungua simu, akatafuta mji wa kale wa Turkistani ya China. Ukaja mji uitwao Jiaohe. Ulikuwa juu ya kilima kirefu chembamba, mfano wa jani, baina ya mito miwili. Lililomstaajabisha ni kwamba watu wa mji huo hawakupandisha kuta kama watu wengine. Waliichimba ardhi kwenda chini, wakayaacha majumba yamesimama, na njia zikawa mfano wa mahandaki. Katika video aliyoiona, mpiga picha alikuwa akitembea kimya, hasemi neno, muziki tu ukimsindikiza. Mwatima alimfuata kila jioni akipiga pasi, mpaka njia zote akazijua.

"Wifi," alisema Nusra, akichungulia begani kwake, "mbona hapana mtu?"

"Adhuhuri hiyo. Hulioni jua? Wewe ukitoka hapa saa saba mchana, mwezi wa Julai, utamwona nani?"

"Paka."

"Hata paka humwoni. Watu wenye akili wamo ndani, wamepumzika."

Nusra akatazama tena. "Na hizi nyumba mbona hazina mapaa?"

"Kwenye joto watu hulala juu, wapate upepo. Hata Makka zamani walikuwa wakilala juu ya mapaa."

"Walilala juu ya mapaa, wifi. Hawa watalala juu ya nini?"

Mwatima akaongeza sauti ya muziki.

Ni katika matembezi hayo alipoiona nyumba. Ilikuwa kwenye kona, karibu na kisima, ina ua mpana na ngazi za kuteremkia. Moyo wake ukaipenda papo hapo. Akajiambia kwamba ikiwa ukoo wa Hala una nyumba mjini mule, na ukoo wa heshima haukosi nyumba, basi bila shaka ni hii. Mwanzoni aliiweka kama dhana. Gari lao lilipokuwa likipanda milima ya Taif kuelekea Riyadh, mumewe Ghalib kashika usukani na Nusra kakumbatia sahani ya halua, dhana ile ilikuwa imekwisha kuwa habari.

Riyadh walifikia hoteli moja ya mtaa wa Batha, wakaoga, wakajifukiza udi, na baada ya alasiri wakaenda kuposa. Wanaume, Ghalib na Anas, walipelekwa ukumbi wa mbele. Wanawake waliingizwa ukumbi wa ndani, ambako Bibi Zumrat alikuwa ameketi peke yake kwenye mto mkubwa: kikongwe mdogo, mkavu, mwenye nyusi zilizosema kabla ya mdomo. Hala alikaa miguuni pake, na mamaye alikuwa akimimina chai.

Wakaamkiana kwa Kiarabu, wakaulizana hali za afya, za safari na za barabara. Kutoka jikoni ilikuja harufu ambayo hakuna mwenye pua angeweza kuikosea.

"Nasikia harufu nzuri," alisema Nusra, macho yamelegea, "harufu ya…"

Mwatima akamkanyaga kidole cha mguu.

"Ya udi," alimalizia Nusra.

Mwatima akaona wakati ndio huu. Akajiweka sawa, akalirekebisha buibui lake. "Bibi yetu," alianza, "sisi hatukuja kwa watu tusiowajua. Mji wenu tunaujua."

Unyusi mmoja ukapanda. "Mji upi?"

"Jiaohe." Akausimulia mji ule kwa utaratibu: kilima kama jani, mito miwili, njia kuu iliyonyooka, hekima ya watu waliochimba pale wengine wanapojenga. Mabega ya Hala yakaanza kutikisika. Mwatima akafahamu kuwa binti amepatwa na uchungu wa asili, akazidisha upole. "Na ile nyumba yenu ya kona, karibu na kisima, bado imesimama. Inataka matengenezo madogo tu. Nasi Mungu akitujaalia tutakwenda kuwaamkia majirani."

"Majirani gani?" aliuliza Bibi Zumrat.

"Wale wa ng'ambo ya njia. Sikubahatika kuwaona. Walikuwa wamepumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu adhuhuri, Bibi."

Mama yake Hala akajifunika uso kwa sinia. Hala akainua kichwa, machozi yanamtoka, wala hayakuwa ya uchungu. "Khala," alimwambia Mwatima, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, "ule mji hauna watu. Waliondoka zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Ni magofu. Na sisi asili yetu ni Kashgar, mbali sana na pale, mwendo wa mchana na usiku kwa gari moshi."

Mwatima alihisi zulia linazama naye. Ilikuwa sawa na mtu kuja nyumbani kwake kumposa bintiye, kisha akamwambia kwamba majirani zake wa magofu ya Gedi wanamsalimu sana. Alimwona Anas anarudi Jeddah mikono mitupu, si kwa kosa lake, si hata kwa kosa la wali, bali kwa ulimi wa mama yake.

"Niliuliza mimi habari ya mapaa," alinong'ona Nusra.

Bibi Zumrat hakucheka wala hakukasirika. "Na wewe," alimwambia Mwatima, "mji wako ni upi?"

"Unguja, Bibi. Mkunazini."

"Kukoje huko?"

Ulimi wa Mwatima uliijua njia. Ulikwisha kuinua mguu. Lakini yale macho yalikuwa yakimtazama, na siku ile alikuwa amekwisha kujenga vya kutosha. "Sijafika," alisema. "Mimi mzaliwa wa Jeddah."

"Hujafika. Na watu huwaambii?"

"Huwaambia, Bibi. Baba alinisimulia. Alipofariki, nikaendelea."

Sasa kikongwe akacheka, kicheko kidogo kikavu. "Mimi nimezaliwa Taif," alisema. "Kashgar naijua kwa mdomo wa mama yangu. Ule mforosadi wa uani kwetu ninaowahadithia watoto hawa, kila mwaka nauongeza tawi."

"Bibi," alisema Hala, amekaa wima, "ulituambia ukiupanda."

"Niliwaambia unapandika."

Akamgeukia Mwatima tena. "Watu huja hapa wakanipa wali. Mpaka leo hajatokea wa kunipa nyumba. Hiyo ya kona ina vyumba vingapi?"

Mwatima aliiona kamba aliyotupiwa, akaikamata kwa mikono miwili. "Vinne, Bibi. Na ua."

"Na jiko?"

Jiko hakuliona. Akafikiri kidogo. "Jiko tutachimba."

"Ndiyo desturi ya mji," alikubali Bibi Zumrat. "Na kwenu mama wa binti hupewa nini?"

"Hupewa mkaja, Bibi, kwa kuwa alimbeba na kumlea."

"Na bibi?"

"Bibi husahauliwa."

"Mimi sitasahauliwa. Mama mtu mpeni mkaja wake. Wangu mimi ni nyumba hiyo, pamoja na kisima."

"Kisima si chako," alisema Nusra, ambaye kwa kuwa wali ulikuwa umekwisha kutajwa na mwenyewe, alijiona huru. "Kisima cha mtaa."

"Watu wa mtaa wako wapi waje wadai?"

"Wataamka," alisema Nusra. "Na mimi nitakaa ng'ambo ya njia, nione nani anateka bila ruhusa."

"Wewe ukikaa hapo, mimi nauhama mji," alisema Bibi Zumrat, akamwamuru Hala amsogezee Nusra sahani ya kwanza ya wali.

Ghalib, aliyekuwa ukumbi wa mbele akihesabu kila kicheko kama hasara, alishindwa kuvumilia. Akaja nyuma ya pazia, akakohoa. "Mama Anas, tusome Fatiha, au bado?"

"Someni," ilijibu sauti ya Bibi Zumrat kutoka ndani. "Binti tumemtoa. Sisi bado tunagombea kisima."

Ghalib hakujua habari za kisima chochote, na kwa hekima hakuuliza. Alirudi kwa wanaume wenziwe, akaketi, akamwambia Anas kwa sauti ya chini kwamba mambo ni mazuri, alhamdulillahi, ila ajiandae, huenda wakatakiwa majembe.