Magego Manne ya Mama

Mama alipanua kinywa kabla daktari wa meno hajamwambia. Mimi nilikuwa mlangoni, kukaa siwezi, kutoka siwezi.

Ilikuwa Kisumu, mwaka wa tisini na nne. Kwa miezi minane Mama alikuwa akipotea hali ameketi papo hapo. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita marehemu baba aje kula. Mimi, mtoto wake wa pekee, aliniamkia kama mgeni. Nami ni mtu wa watu. Kwangu Nyamasaria mlango haufungwi, na kila aliyeingia aliingia na dawa yake. Hii ya meno ililetwa na jirani yangu Elsie.

"Anyango, umeangalia kinywa cha mamako? Ile fedha aliyozibwa nayo magego zamani ina zebaki. Ile ile ya wachimba dhahabu wa Migori! Inapanda polepole mpaka kichwani."

"Nani amesema?"

"Redio. Ama ni shemeji yangu. Lakini imesemwa."

Wiki nzima sikutulia.

Daktari Gakenia alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua glavu. "Dada, hata wasomi wanabishana. Hakuna aliyethibitisha. Haya magego manne yamezibwa, lakini ni imara. Na chini mbele hana kitu, wazee walishamng'oa sita. Atatafuna na nini?"

Hapo ningepaswa kuacha. Kwa mila yetu Wajaluo, watu wa rika la Mama waling'olewa yale sita wakiwa wadogo, ndipo wakahesabiwa wakubwa. Aliyelia aliaibisha nyumba nzima. Nilijua hayo yote. Lakini nilitaka kusikia jina langu kinywani mwake.

"Ng'oa," nikasema.

La kwanza, la pili, la tatu. Hata la nne, lililogoma, Mama hakutikisa kidole. Shavu limejaa pamba, akanivuta kwa ukosi wa gauni, macho yamewaka kisichana.

"Wewe," akaninong'oneza, "nenda umwambie baba yangu sikulia."

"Nitamwambia."

Wiki iliyofuata Elsie alinikuta jikoni nikimpondea Mama samaki kwa vidole, nikitoa miiba mmoja mmoja.

"Anyango, kumbe si meno! Sasa wanasema ni hizi sufuria za aluminiamu."

Mama alikuwa amepanua kinywa, anangoja. Nilimlisha tonge lile, nikafuta vidole, nikamsogezea Elsie kiti.