Mashine Iliyovundikwa

Miaka ile soko huria lilipokuwa limekwisha kuzoeleka, na mnara wa kwanza wa simu za mkononi ndio kwanza umesimama Kyela mjini, Zebedayo alipata kiti. Kiti chenyewe cha plastiki tu, lakini kilikuwa mbele ya kompyuta mpya, ndani ya chumba kimoja karibu na stendi, na mlangoni palikuwa na kibao: TUNATENGENEZA VIDEO ZA HARUSI. Kwa mtu aliyekwisha kuzunguka kama yeye, leo utingo wa malori ya Zambia, kesho mpakia mizigo melini, keshokutwa mchuuzi wa vyungu vya Ikombe, kukaa mahali pamoja watu wakipita wanamwamkia, "Mwagonile, tata," ilikuwa raha asiyopata kuijua.

Mashine haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe Anyitike na mkewe Asifiwe, waliouza kakao na mpunga wa msimu mzima wakaifuata Dar es Salaam. Anyitike alishika kamera. Aliyesomea kompyuta ni Asifiwe. Hata kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora picha kwenye kioo, aliichagua yeye.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakutani nawe uso kwa uso. Akikuona njiani anachepukia migombani. Ukiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Vijana wengi wamekwisha kuuacha mwiko huo, lakini Asifiwe alilelewa na bibi yake na hakuuacha. Zebedayo naye aliupenda, maana katika kuzunguka kwake kote hiyo ndiyo heshima pekee aliyorudi akaikuta inamngoja. Kwa hiyo akiwa dukani, mkamwana haingii. Na mzee alikuwa dukani tangu asubuhi. Asifiwe alifanya kazi jioni, mzee akishakwenda kula. Zebedayo alilijua hilo kila alipovuta kiti akakaa. Alijiambia kwamba analinda mali.

Na kulinda kwenyewe ni huku: lile boksi la chuma lilikuja na mfuko wake wa nailoni, naye akasema usitoke. "Mkiutoa, nani atajua ni mpya?" Juu ya nailoni alitandika kitambaa cha kufuma alichokuwa akifunikia redio, kikaning'inia hadi kwenye matundu ya nyuma. Jioni Asifiwe alivivua vyote, akidhani mzee amefunika mashine iliyozimwa isiingie vumbi. Asubuhi Zebedayo alivivalisha tena, ndipo akaiwasha.

Siku moja walikuja wanaume wa stendi kuangalia harusi ya Naila, binti wa Bashiri mwenye duka la vitambaa. Majina ya maharusi yalikuwa yanazunguka ndani ya moyo mwekundu. Angetile, dereva wa basi la Mbeya, akasema, "Mbona unajikongoja huo moyo? Au ndoa yenyewe imechoka?"

Watu wakacheka. Zebedayo akachomwa. Alikumbuka Anyitike aliwahi kumwonyesha mahali penye mstari na mshale: hapa ndipo kasi ya kadi, baba, usipaguse. Akapafungua. Akauvuta mshale mpaka mwisho wa mstari.

"Nimeitia gia," akasema.

Moyo ukazunguka upesi zaidi, wakampigia makofi. Hakuurudisha mshale.

Siku mbili baadaye, saa saba mchana, jua la Kyela limekaa juu ya bati, akaja Mwanaisha, mke wa Bashiri, kuchukua kanda ya harusi ya bintiye. Basi la jioni lilikuwa linamchukua shangazi wa bwana harusi kurudi Tanga, na kanda iondoke naye. Anyitike alikuwa Matema kupiga harusi nyingine. Zebedayo akaiwasha video ili amwonyeshe. Bibi harusi akatokea, akatabasamu, mara mistari ya kijani ikampita usoni, kioo kikaganda.

"Yarabi! Mwanangu ana nini?" Mwanaisha akasema.

"Inapumzika," Zebedayo akajibu.

Nyuma ya ukuta, uani, Asifiwe alikuwa amesikia. Sauti yake ikaingia kwa dirisha la mbao lililoegeshwa: "Mama Naila, shikamoo. Naomba umuulize baba, feni inasikika?"

Mwanaisha alisimama mlangoni, akatazama dirisha, akatazama mzee. Alikuwa ameishi na Wanyakyusa vya kutosha. "Haya, nimekuja kuchukua kanda nimegeuzwa simu ya mezani. Mzee, feni inasikika?"

"Mwambie inasikika." Hakuwa amesikiliza.

"Anasema inasikika. Na hiyo mistari ya nini, mwanangu?"

"Ni joto, mama. Kadi ile ni kama mtu anayetwanga. Kasi yake ni mapigo ya mchi, mamilioni kwa sekunde moja. Ukiongeza mapigo, mchele unapatikana upesi, lakini mwili unapata moto. Feni inatakiwa ivute hewa baridi, joto litokee nyuma. Lisipotoka, mtwangaji anachoka, mchi unakosa kinu. Ndiyo hiyo mistari. Muulize baba kama kuna kitu kimeifunika."

Zebedayo akatazama kitambaa. Mwanaisha naye akakitazama, maua yake yote na pindo zake.

"Mwambie hakuna," akasema Zebedayo.

Mwanaisha alimkazia macho. Kisha akasema polepole, "Anasema hakuna."

"Na kasi? Hakugusa mshale?"

"Mwambie sijui mshale wowote."

Sauti ya uani ilirudi imepungua. "Basi kadi ndiyo mbovu. Anyitike alitaka ile nyingine, nikabisha, nikamwambia najua. Kakao yote ile. Nitamwambia nini mwenzangu? Kosa ni langu." Halafu ikawa si maneno tena, ni mtu anayevuta kamasi na hataki asikike.

"Mzee Zebedayo," Mwanaisha akasema, "na hicho kilio nacho nikipelekee jibu gani?"

Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Zebedayo hakuwa na pa kuchutama. Alinyoosha mkono akavuta kitambaa, akavuta na nailoni. Ilikuwa imelainika, imeganda kwenye chuma kama ngozi. Joto likampanda usoni. Alilitambua. Ni lilelile linalokupiga unapofunua majani ya migomba juu ya kakao iliyovundikwa. Miaka mingapi amevundika kakao kwa mikono hii! Anajua kabisa kitu kikifunikwa kinavyojichemsha chenyewe. Na bado alifunika.

"Mwambie nimeivundika," akasema. "Na mshale nimeuvuta mimi."

"Mwambie mwenyewe. Ana masikio."

Shingo ikawa nzito. Akaugeukia ukuta. "Kadi yako si mbovu," akauambia ukuta. "Niliifunika. Kasi niliiongeza mimi, watu wanisifu. Na sasa hivi nimekudanganya."

Alitamani atukanwe.

"Baba," Asifiwe akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwomba kitu tangu aolewe, "naomba uizime. Halafu utoke, niingie kazini."

Akaizima. Akatokea mlango wa mbele, hakugeuka nyuma. Akasikia mlango wa uani ukilia na kandambili zikipita sakafuni. Akasimama barazani, mikono haina pa kukaa. Mashine iliachwa wazi ipoe, na yeye alisimama kipindi chote hicho kwenye jua. Mwishowe feni ikaanza kuvuma. Kumbe ina sauti, kama nyuki. Muziki wa harusi ukafuata, ukaendelea bila kukwama, na Mwanaisha akapiga kigelegele. "Huyooo mwanangu! Uso safi!"

Angetile alikuwa anavuka barabara na chupa ya soda. "Mkurugenzi! Mbona uko juani? Nani yuko kwenye mashine?"

Zebedayo angeweza kusema anapunga upepo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Fundi," akasema.

"Fundi gani? Si wewe?"

"Mke wa mwanangu. Mashine ni yake, na ujuzi ni wake."

Angetile akacheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa nyuma yake apate wa kucheka naye. "Sasa siku zote hizi wewe humo ndani ulikuwa unafanya nini?"

Masikio yalimwaka moto. Lakini alibaki palepale, mgongo ameuelekeza dukani, ili mkamwana akitaka kutokea mlango wa mbele atokee.

"Nilikuwa nimekaa tu," akasema. "Namzibia njia."