Tulivyojiandaa Kwenda Nyamirembe

Baba alitangaza likizo tukiwa tunakula.

"Mwezi wa saba tunakwenda ziwani," alisema. "Wote wanne."

Mama aliuliza nani amefariki.

"Hajafariki mtu. Tunakwenda kupumzika."

"Basi kuna mgonjwa, unanificha."

Ilikuwa mwaka 1995. Baba, jina lake Novatus, aliendesha lori la kupeleka mahindi kwa wakimbizi wa Burundi kambini Lukole. Kaka yangu Frednand alikuwa mkalimani kwenye zahanati ya wakimbizi, na mimi, Teddy, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikapata kazi ya kuwapima watoto uzito huko huko kambini. Zamu zetu hazikulingana. Mama alipika sufuria moja akaipasha moto mara tatu, kila mtu akala peke yake. Siku ile tulikutana mezani kwa bahati mbaya tu, mvua ilikuwa imeharibu barabara.

Baba alieleza kwamba bosi wake ameagiza kila dereva aende likizo, na asikae bure huko likizoni, bali auchangamshe mwili mahali penye maji. Dada yake mama, mama mdogo Tecla, alikuwa ameolewa Nyamirembe, kule Biharamulo, na mumewe Aristides alikuwa na mitumbwi. Asubuhi tutaogelea, alisema baba, mchana tutapiga makasia, jioni tutatembea kwa miguu.

"Baba, hatujui kuogelea," alisema Frednand.

"Ndiyo maana tunaanza leo."

Kwetu Kibimba hakuna ziwa. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi, lile gogo refu lililochongwa ndani ambalo kila nyumba ya kwetu hutengenezea pombe. Baba alitukalisha humo watu watatu, tukiwa tumeshika mipini ya majembe, akasimama mbele akihesabu. Tukapiga kasia juu ya majani makavu. Kuogelea tulijifunza kwa kulalia benchi kwa tumbo na kurusha mikono na miguu. Mama alijifunga kitenge cha pili akafanya yote bila kucheka. Alisema kama atazama, asiseme mtu kwamba hakujaribu.

Upande wake mama aliandaa safari kama anavyojua. Alikaanga karanga, akakausha mihogo gunia zima, akauza kuku ili wasife njaa tukiwa mbali, akakunja mablanketi na kuyafunga kwa kamba.

Nduwayo alituona. Alikuwa Mrundi wa umri wa baba, aliyekuja kutoka Lukole kupalilia migomba yetu. Alisimama na jembe begani akatutazama tukipiga kasia hadi tukamaliza. Naye pia hakucheka.

"Mama, mnaondoka lini?" aliuliza.

"Jumatatu, Mungu akipenda."

"Mtavuka maji?"

"Ndiko tunakoelekea."

Akaitikia kwa kichwa, akaomba ruhusa ya kuondoka mapema. Alipofika kwenye njia aligeuka. "Sisi pia tulianza na kuku," alisema.

Mama alidhani anazungumzia mboga. Akamfungia karanga.

Kesho yake kilima kizima kilinukia karanga. Siku iliyofuata jirani yetu Eustakia alionekana akifunga godoro kwenye baiskeli. Mwisho wa wiki Frednand aliwakuta watu wa upande wa Nduwayo kambini wakishusha maturubai yao. Aliuliza kuna nini. Wakamwambia kwa huruma kwamba Watanzania wa Kibimba wanakimbia, na heri na yeye awahi kwao.

"Nani kasema?"

"Kuna dereva amepata habari. Mrefu, mwenye kofia ya kijani. Anaifundisha familia yake kuvuka maji."

Frednand aliijua kofia hiyo.

Jioni ile akaja mwenyekiti wa kijiji, Bizimana. Alikataa pombe, jambo lililotutisha.

"Mzee Novatus, vita viko wapi?"

"Vita gani?"

"Usinifiche. Wewe unafika hadi mpakani. Nina mama mzee nyumbani, kumbeba kunataka maandalizi."

Baba alimweleza habari ya likizo tangu mwanzo. Mwenyekiti alisikiliza akiangalia mablanketi.

"Unakwenda kupumzika na gunia la mihogo?"

"Hilo ni la mama watoto."

"Na kupiga kasia kwenye nchi kavu?"

"Mazoezi."

"Mtu anayekwenda kupumzika, mazoezi ya nini?"

Bosi hakuwa amelieleza hilo.

"Mimi nakuamini," alisema Bizimana, "lakini hainisaidii. Nikiwaambia watu kwamba mnakwenda kuoga ziwani, watasema nimekula njama na wewe, na watakimbia usiku huu huu." Alifikiri kidogo. "Lile bonde lako hujalilima. Lima, panda maharage. Wakikuona unapanda watatulia. Yakiota, nenda unakotaka."

Jumapili baada ya misa tukateremka bondeni wote wanne na majembe. Nusu ya Kibimba ilikaa mtelemkoni ikitutazama. Hatukuwa tumelima pamoja tangu kambi zilipokuja. Mama alitupangia mistari, baba akalalamikia mistari, Frednand akateleza akatumbukia kwenye tope hadi kiunoni. Baba akamwambia atumie aliyofundishwa kwenye benchi. Mama alicheka hadi akakaa chini, na watu wa mtelemkoni wakaanza kucheka bila kujua sababu.

Siku ya pili Nduwayo alikuja, akachukua jembe akalima karibu nami.

"Sasa unaamini?" nilimuuliza.

"Nitayaamini maharage," alisema.

Tulipanda, tukamwagilia kwa ndoo, tukala mchana pale pale kwenye majani tukisubiriana. Likizo ilikuwa inaisha. Hatimaye maharage yakatoa vichwa. Majirani wakaja mmoja mmoja kuyatazama, wakarudi kwao. Eustakia alipita na baiskeli isiyo na godoro. Nduwayo alichuchumaa, akagusa jani moja kwa kidole, akakaa hivyo muda mrefu kuliko jani linavyohitaji.

"Haya," alisema. "Nendeni salama."

Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Tulilala Biharamulo mjini, tukafika Nyamirembe kesho yake, na mama mdogo Tecla akatupokea kwa kuuliza nani amefariki.

Ratiba ya baba haikufuatwa. Frednand alilala mchangani tangu saa nne asubuhi, kofia usoni. Baba alipanda mtumbwi peke yake akazunguka mahali pamoja, Aristides akimwelekeza kutoka nchi kavu kwa upole. Mama aliuliza habari za mamba. Aristides alisema mamba wako upande ule mwingine. Mama aliuliza kama mamba wenyewe wanajua kwamba huo ndio upande wao. Kisha akaingia majini na kitenge chake hadi kifuani, akasimama. Hakuogelea. Alisimama tu, mikono ikielea pembeni.

Ulipita muda, nikamfuata.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema. "Hakuna anayeniita."

Tukasimama wawili. Kutoka kwenye mtumbwi wake baba alipaza sauti akiuliza kama hatujasikia njaa. Mama aliyatazama maji, wala hakugeuka.