Wanawake Watatu Kando ya Njia

Vijana wa kambi ya wakimbizi walimwita mkalimani Mjomba tangu siku ya kwanza, maana aliongea lugha yao kwa lafudhi ya mama yake, aliyezaliwa upande wao wa mpaka. Kazi yake katika jumba la sanaa ilikuwa ileile kila Jumamosi: mwongozaji, dada mmoja mchangamfu, anaeleza picha kwa Kiswahili, naye anawatafsiria vijana. Wakisema neno kali, Mjomba hulipunguza makali. Wakisema picha fulani ni takataka, yeye husema, "Wameshangaa." Basi kila mtu hurudi kwake ameridhika.

Jumamosi hiyo walisimama ukumbi wa pili, mbele ya picha kubwa iliyoazimwa kutoka kwa tajiri mmoja. Wanawake watatu wamelala kando ya njia, mizigo pembeni, jua limewawakia. Kibao kilisema: Mapumziko.

"Oneni utulivu huu," dada alisema. "Safari imewachosha, wamejinyoosha kidogo. Mchoraji aliinakili kutoka picha ya gazeti."

Mjomba akatafsiri. Msichana wa miaka kumi na sita, ambaye wenzake walimwita Kimya kwa kuwa si msemaji, akasogea mpaka pua yake ikakaribia turubai. Mlinzi akakohoa.

"Mjomba, hawa hawajalala," akasema. "Huyu wa katikati ni mama. Tazama kiatu. Kamba ilikatika asubuhi ile, nikaifunga mimi kwa waya mwekundu. Risasi zilipoanza, watu walinivuta, nikamwacha."

Mjomba akatazama. Waya ulikuwepo, umezungushwa mara tatu.

"Anasemaje?" dada akauliza, bado anatabasamu.

Maneno laini yalikuwa tayari ulimini: ameipenda, inamkumbusha kwao. Lakini Kimya alikuwa amemkazia macho mdomoni. Mjomba akasema yote, bila kupunguza hata neno moja.

Dada akashika ukuta. "Mwambie pole. Mwambie sikujua. Anataka tufanye nini?"

Kimya alitaka kibao kiandikwe jina la mama yake, basi. Akalitamka polepole, Mjomba akaliandika kwenye karatasi.

Jumatatu akaipeleka kwa mkuu wa jumba.

"Mzee wangu, wewe kazi yako kutafsiri, si kutuletea kesi," mkuu akasema. "Mwenye picha nitamwambia nini?"

"Alichosema mtoto."

"Haya, niachie. Nitalishughulikia."

Akalishughulikia kweli. Jumamosi iliyofuata Kimya alikuja na gauni lililopigwa pasi, nywele amesuka upya, ameongozana na marafiki wawili aliowaahidi kuwaonyesha mama yake. Ukutani walikuta misumari miwili na alama nyeupe ya pembe nne.

"Wamempeleka wapi?"

"Kwa mwenye picha."

"Twende basi."

"Haturuhusiwi, mwanangu."

Dada, macho mekundu, alikuwa ameshaanza kueleza picha ya jirani, ya bakuli la matunda. Vijana wakamgeukia Mjomba, wakisubiri. Kimya akaketi sakafuni chini ya misumari. Mlinzi akatazama pembeni. Mjomba akavua kitambulisho cha jumba shingoni, akakitia mfukoni, akaketi karibu naye. Hakuna aliyetafsiri matunda.